Mkono wa Shangazi Eveline

Matembwe,
14 Januari 2024

Dada yangu Eveline,

Kamwene. Natumaini ulifika salama na Makambako imekupokea na vumbi lake. Sisi ni wazima kwa kiasi chetu. Tangu uondoke ukungu haujanyanyuka vizuri juu ya mashamba ya chai. Asubuhi tunawasikia wachumaji wakiongea na kucheka, lakini huwaoni mpaka wawe mbele yako kabisa. Ng'ombe amezaa, ndama dume. Mchungaji anakusalimu, anasema kwaya ya Krismasi ilisimama imara kwa sababu yako.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Simu ya hapa unaijua: haisikiki mpaka uiweke sauti kubwa, na ukiiweka sauti kubwa nyumba nzima inaongea na wewe. Mambo mengine ni heri yasomwe. Nimempa barua hii Rabson wa basi la asubuhi. Na wewe majibu mpe yeye.

Jambo lenyewe ni dogo. Wanangu wametoka majipu kichwani. Alianza Dorkasi, akafuata Nelly, na Feliciana, yule binti wa jirani aliyekuja ukamsuka pamoja nao. Mika, ambaye hukumsuka, hana kitu. Lililonifanya nikae chini niandike ni jinsi yalivyotoka. Hayakutoka ovyo. Yamefuata mistari uliyogawanya nywele zao, moja, nafasi kidogo, jingine, kama mtu amepanda mbegu kwenye matuta. Ema alipofumua nywele aliniita nije nitazame.

Nilitaka tu kuuliza, mafuta uliyowapaka yalikuwa yapi?

Ni mimi mdogo wako,
Aron

*

Makambako,
3 Februari 2024

Mdogo wangu Aron,

Kamwene na wewe, na wifi yangu Ema, na watoto mmoja mmoja. Mimi ni mzima, ila pua. Hili vumbi la malori litanimaliza. Kuna kidonda kidogo ndani ya tundu la kulia kinakauka kinafunguka, nakikwangua bila kujua hata nikiwa kazini, wateja wananicheka.

Mafuta ni yale yale ninayotumia saluni miaka yote. Mwambie Ema awakande watoto kwa maji ya moto yenye chumvi na asiyakamue majipu. Nilivuta sana labda. Dorkasi ana nywele laini na mimi nina mkono mzito, mama alikuwa akinisema.

Halafu umesahau? Majipu ni ya nyumba yetu. Mama alikuwa nayo tangu tukiwa wadogo, mara kwapani, mara pajani, anayafunga kitambaa anakwenda shambani. Hata lile la mgongoni lililomwondoa lilianza kama mengine. Nilimwosha na kumfunga kwa mikono hii mpaka mwisho, kwa hiyo jipu halinitishi.

Kazi imepoa kidogo. Avelina, yule mteja wangu wa kila mwezi, hajaonekana. Watu wanasema anasukwa kwa jirani sasa. Sijui nimemkosea nini.

Pasaka nakuja. Mwambie Nelly asikubali mtu mwingine amguse kichwa, nimejifunza mtindo mpya.

Dada yako anayewapenda,
Eveline

*

Matembwe,
27 Aprili 2024

Dada Eveline,

Salamu nyingi. Barua hii imechelewa. Nilikuwa naianza na kuiacha. Mahindi yanaendelea vizuri. Viazi vimeingia ugonjwa wa majani kwa sababu ya unyevu. Mika amechaguliwa kusoma neno kanisani siku ya watoto, anatembea nyumbani kama askofu.

Zawadi za Pasaka watoto walizifurahia. Gauni la Nelly limemkaa sawasawa.

Yamerudi, dada. Safari hii kwa Nelly tu, kwa sababu Dorkasi siku ile alikuwa na malaria hukumsuka. Amepata moja kubwa kwenye kisogo, pale mistari yote ilipokutana. Lilikuwa jekundu, halafu likapata macho mengi, likapasuka. Sasa limekauka. Lakini mtoto amebadilika. Anakaa mlangoni hachezi. Juzi nilimuuliza, "Nelly, unasikia nini?" Akasema, "Baba, kuna kitu kinatembea." "Wapi?" Akanionyesha shingo, akashuka na kidole mgongoni taratibu, akafika kiunoni akaishia hapo. "Kimekaa," akasema.

Ema amechoma chanuo zote.

Ulisema utakuja mwezi ujao kwenye harusi ya Benno. Ningeomba usije kwanza. Barabara ni mbaya mno, matope, magari yanakwama.

Ni mimi,
Aron

*

Makambako,
8 Mei 2024

Aron,

Nawasalimu wote.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa kwenye kiti cha wateja, maana kiko wazi. Barabara ya Matembwe nimeipita kwa miguu nikiwa na mimba, nimeipita juu ya gari la mbao, nimeipita na jeneza la mama. Matope hayajawahi kunizuia kwenda nyumbani kwetu. Tafuta sababu nyingine.

Nikuambie ya huku, kwa sababu wewe huniambii ya huko. Avelina nilimkuta sokoni. Alikuwa amefunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Nikamwambia, "Mbona umenitupa?" Akarudi nyuma hatua. Akasema kwa adabu kabisa, "Dada Eveline, mimi sina ubaya na wewe. Ila mkono wako." Nikamuuliza mkono wangu umefanya nini, akatazama chini akaondoka. Tangu siku hiyo nauangalia. Naukunja naukunjua. Ni mkono tu, Aron, una alama ya kisu cha viazi na kucha moja iliyopinda.

Ema anasema nini? Baba mdogo Wiliam anasema nini? Mtoto yukoje? Jibu hayo matatu, salamu za ng'ombe uache.

Eveline

*

Njombe mjini,
26 Mei 2024

Dada yangu,

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya wodi ya watoto. Nelly amelazwa hapa. Yu hai. Naanza na hilo ili usome mengine ukiwa umekaa.

Siku chache baada ya barua yako aliamka hawezi kukanyaga mguu wa kushoto. Homa ikapanda mpaka akawa anaongea na bibi yake kana kwamba yuko chumbani. Alikuwa anamwambia, "Bibi, sogea, umenilalia mguu." Ema alitoka nje akakataa kurudi ndani mpaka nilipombeba mtoto nikampakia kwenye gari la chai.

Daktari Yoramu, kijana mtaratibu, alimbonyeza nyonga, mtoto akapiga ukelele ambao sitausahau. Akaniuliza, "Huyu aliwahi kuwa na jipu karibuni?"

"Alikuwa nalo kisogoni, lilipona."

"Halikupona, mzee. Lilihama."

Walimpasua wakatoa usaha kwenye mfupa wa paja, juu karibu na nyonga. Dawa ya kwanza haikufanya kitu, wakabadilisha. Daktari alinieleza kwamba ni bakteria, jina lake ni stafilokokasi. Alisema watu wengi wanaye na hawajui. Anakaa puani, kwapani, juu ya ngozi, anaishi na mtu miaka bila kumuuma popote. Anachosubiri ni mlango: mkwaruzo, kuumwa na mdudu, unywele uliovutwa ukaacha tundu dogo usiloliona. Akiingia hapo, mwili unamzungushia usaha, ndilo jipu. Akiingia kwenye damu anakwenda anakotaka, mfupani, kwenye mapafu, hata kwenye moyo. Nikamuuliza, kwa nini mfupa? Akasema kwa mtoto anayekua damu inakwenda polepole pale kwenye ncha za mifupa, na yeye anapenda mahali palipotulia.

Nilikumbuka kidole cha Nelly kikishuka mgongoni.

Halafu daktari akauliza, "Nani anamsuka mtoto huyu?"

Ema akanitazama. Nikasema, "Ndugu."

"Ndugu gani?"

"Wa mbali," nikasema.

Nilikukana, dada, mbele ya mke wangu na mbele ya mtu aliyekuwa anatafuta kutusaidia.

Sasa nakujibu maswali yako. Ema hasemi kitu, ila barua zako anazipokea kwa koleo la jikoni na kuzianika juani kabla hajanipa. Baba mdogo Wiliam anasema mama aliondoka kwa jipu na wewe ndiye uliyekuwa ukimshika. Watoto walitoka majipu na wewe ndiye uliyewashika. Feliciana si wa damu yetu, naye ulimshika. Kuna mganga mmoja wa mbali anayewanyoa watu kichwa na kuwanywesha dawa ili mkono wao usidhuru tena. Ukoo unataka nikuite nyumbani kama kwa harusi, ukifika uchukuliwe. Wananisubiri mimi tu, kwa sababu ukiitwa na mimi utakuja.

Usije.

Aron

*

Makambako,
16 Juni 2024

Mdogo wangu,

Mungu amshike Nelly. Nimepiga simu wodini, nesi ameniambia amekunywa uji. Nimelia mpaka mwenye duka la pili akaja kugonga.

Neno lako la kunyolewa nililisoma, nikakunja barua, nikaenda kuteka maji, nikarudi nikalisoma tena. Halafu nikafunga saluni nikaenda kituo cha afya. Nilimwambia tabibu wa pale, "Naambiwa naua watu kwa mkono. Nipime." Alidhani natania.

Maabara yupo Anjela, dada mmoja mnene mpole. Alinitia kijiti chenye pamba puani, kulia na kushoto, akakipeleka Njombe na vipimo vingine, akaniambia nirudi. Niliporudi alinikalisha, akafungua simu yake akanionyesha picha aliyotumiwa. Ni kisahani cha duara, na juu yake vimeota vidoti vingi, vya mviringo, vinang'aa, rangi ya dhahabu. Aron, vilikuwa vizuri. Nisikudanganye. Ningeviona kwenye kitenge ningekinunua.

"Hivi vyote vimetoka kwangu?"

"Vimetoka kwenye ncha ya pamba moja," Anjela akasema. "Kila kidoti ni maelfu."

"Lakini mimi siumwi."

"Wewe ni nyumba yao, dada. Wanakaa tu. Unajigusa pua, unashika chanuo, unamshika mtu kichwa, unavuta nywele. Umewafungulia mlango kwa mwingine."

Kwa hiyo wanaosema mkono wangu wanasema kweli. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Ningekuwa nimesingiziwa ningejua namna ya kukasirika. Nimepita kwa Avelina nikamweleza nikiwa nimesimama nje ya uzio. Alinisikiliza, akanishukuru, hakufungua geti.

Kuna jingine. Nilimweleza Anjela habari za mama, yale majipu ya miaka yote, na lile la mwisho nililokuwa nikiliosha. Akafikiri, akasema, "Haiwezekani kujua kwa hakika. Lakini watoto wengi humpata kwa mama, wakiwa bado wananyonya." Nilitoka pale natembea kama mtu aliyebeba yai mdomoni. Mama tumemzika, nguo zake tumegawana, shamba tumegawana. Na huku kitu chake kiko hai, kinazaana ndani ya pua yangu, kina joto la mwili wangu.

Nimepewa dawa ya kupaka puani na sabuni ya kuogea ya hospitali, na nichemshe mashuka na taulo. Kila kitu cha saluni nimekichemsha, kisichochemka nimekichoma. Lakini ile dawa ya pua nilikaa nayo mkononi jioni nzima nisiweze kuifungua. Wewe ndiye peke yako ninayeweza kukuambia hivyo. Kesho yake asubuhi nikapaka.

Waambie ukoo nimekiri. Wafanye wanavyotaka.

Eveline

*

Matembwe,
21 Julai 2024

Dada yangu mpendwa,

Kamwene, kamwene. Nelly amerudi nyumbani. Anatembea kwa fimbo, anachechemea, daktari anasema huenda kuchechemea kukabaki kidogo na huenda kukaisha. Nywele zote walimnyoa hospitali, anafanana na wewe kwenye ile picha ya kipaimara. Baridi imekuwa kali, majani ya viazi yameungua kwa jalidi hata kule bondeni.

Barua yako niliipeleka kwa Daktari Yoramu. Nikamwambia, "Yule ndugu wa mbali ni dada yangu, tumbo moja." Alisoma ile sehemu ya kipimo, akasema, "Basi tuwapime wote wa nyumbani." Tulipimwa mimi, Ema na watoto.

Ema hana. Mika hana. Dorkasi hana.

Mimi ninaye. Wa aina ile ile, anayekataa dawa zile zile alizokataa wa Nelly na, kwa majibu ya maabara yao, wa kwako. Nilimuuliza daktari, sasa nani alimpa nani? Mimi ndiye niliyekuwa nikimbeba Nelly mgongoni kwenda shule. Mimi ndiye niliyemkamua lile jipu la kisogoni, Ema alipokuwa shambani, kwa kucha hizi, nikidhani nasaidia. Daktari alitikisa kichwa. "Anaweza kuwa dada yako, anaweza kuwa wewe. Bakteria haachi jina," akasema.

Jumapili baada ya ibada baba mdogo aliita watu kwake. Alikaa karibu yangu, ameniwekea mkono begani kama baba. Akasema, "Aron, mtoto amepona kwa neema. Asirudie mwingine. Mwite Eveline anyolewe, yaishe."

Nikasema, "Ukimnyoa Eveline unyoe na mimi."

"Wewe umefanya nini?"

Nikawaeleza. Niliwaambia kitu kilichoingia kwenye mfupa wa Nelly ndicho kilichomo puani mwangu, sasa hivi, nikiongea nao. Nikahisi mkono wa baba mdogo unanyanyuka kutoka begani mwangu, taratibu, ili nisijue. Akaufuta kwenye koti lake. Halafu akaukalia.

Shemeji mmoja akajikohoza, akasema mwanaume hana mkono wa namna hiyo. Mwingine akauliza kama dawa ya kupaka inapatikana hapa au mpaka Njombe. Mwingine akasema basi, kumbe ni ugonjwa. Neno la kunyolewa halikutajwa tena. Lilikufa pale pale.

Nimelifikiria sana. Wewe walikuwa tayari kukupakia kwenye gari kwa nguvu. Mimi waliniuliza bei ya dawa.

Nimemaliza kupaka juzi. Nelly anakwenda kituo cha Makambako kuonwa na daktari wa mifupa anayepita. Ema atamleta. Nilimwambia wanaweza kulala kwenye nyumba ya wageni, akasema, "Watalala wageni." Sijui maana yake ni nini. Mpokee atakavyokuja.

Mdogo wako,
Aron

*

Makambako,
18 Agosti 2024

Mdogo wangu Aron,

Salamu kutoka kwa wawili wako, wanarudi na basi la kesho, na barua hii iko kwenye mkoba wa Ema. Safari hii hakuna koleo.

Daktari wa mifupa amemwona Nelly. Mfupa umefunga. Aendelee na mazoezi, na homa yoyote, hata ndogo, apelekwe siku hiyo hiyo. Mimi nimepimwa mara ya pili, hakuna kilichoota. Nilimuuliza Anjela kama huyo bakteria nimemalizana naye. Akaosha mikono, akasema, "Kwa leo. Ukimsalimia mtu kanisani anaweza kukurudishia." Kwa hiyo naishi hivyo, nanawa na kusalimia, nanawa na kusalimia.

Walifika mchana. Ema alisimama kizingitini muda mrefu. Chai niliyompa alikishika kikombe chake kwa mikono miwili, hakuinywa mpaka ikapoa, halafu akainywa yote mara moja, kama dawa. Hatukuzungumza habari za ukoo.

Nelly nywele zimeota, zinafika nusu ya kidole. Alikuja akakaa chini katikati ya magoti yangu, akanigeuzia kisogo bila kuuliza. Kovu liko pale, linang'aa, halina nywele. Nikasema, "Mama Mika, wewe unasemaje?" Ema akatazama mikono yangu. Akasema, "Kanawe."

Nilinawa kwa maji ya moto kuliko ninavyoweza kuvumilia. Chanuo ilikuwa bado ina mvuke. Nilimsuka bila kuvuta, mistari michache tu, mbali na kovu. Nelly akauliza, "Shangazi, bado kimo ndani yako?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Ndani yangu kimelala." Aliongea kawaida kabisa, kama anasema habari za paka. Mimi na Ema tukatazamana juu ya kichwa chake, na hakuna kati yetu aliyemwambia si kweli.

Nilipomaliza, Nelly alisimama akaenda dirishani kujiangalia kwenye kioo. Nikaanza kukusanya vitu vyangu. Ema akaja akakaa pale pale mtoto alipotoka, akafungua kilemba chake, akainamisha kichwa.

Nilikwenda kunawa tena. Nilipomgusa shingo alishtuka, na mimi nikashtuka. Nikagawanya mstari wa kwanza.

Dada yako,
Eveline